Fataki za Dharura za Boti Zilizoisha Muda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Niliwahi kufungua stoo ya fundi mashine wa boti nikakuta ndoo ya rangi nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na fataki kumi na moja za dharura. Ndoo ilikuwa imebanwa na madumu ya petroli, na juu yake pamewekwa vifuu vya kuwashia jiko. Fundi yule hakuwa mzembe. Kila mwenye boti aliyebadilisha vifaa alimwachia za zamani akimwambia, "Zitafutie pa kuzitupa," na yeye pa kuzitupa hakupajua. Akaziweka. Miaka ikapita.

Ukurasa huu ni kwa ajili ya watu kama yeye: mafundi, manahodha, wenye boti za uvuvi, za watalii na za abiria, baharini na kwenye maziwa. Majibu yamepangwa kwa kadiri maswali yanavyokuja.

Tunazungumzia fataki zipi hasa?

Zile za kuombea msaada, ambazo wengine huziita roketi hata kama si roketi zote. Aina kuu ni tatu. Roketi yenye mwavuli hupanda mita 300 au zaidi, kisha hufungua mwavuli mdogo na kushuka taratibu ikiwaka nyekundu kwa sekunde 40 au zaidi. Fataki ya mkononi unaishika mwenyewe, nayo huwaka nyekundu kwa dakika 1 angalau. Kopo la moshi hutupwa majini likaelea na kutoa moshi wa rangi ya chungwa kwa dakika 3 au zaidi. Hilo ni la mchana. Viwango hivyo vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, na ndivyo vinavyofuatwa na watengenezaji wa vifaa vya meli.

Wingi wake huwashangaza watu. Meli kubwa inayosafiri kimataifa hutakiwa kuwa na roketi 12 karibu na chumba cha usukani, na kila boti yake ya kuokolea maisha iwe na roketi 4, fataki za mkononi 6 na makopo ya moshi 2. Meli yenye boti mbili za namna hiyo ina vipande 36, na vyote hufikia mwisho wa muda kila baada ya miaka michache. Boti yako ya uvuvi huenda ina vinne tu. Lakini hesabu boti zote zilizofungwa hapo gatini.

Kwani baruti nayo inaoza?

Inaharibika, ndiyo. Dawa iliyomo ni mchanganyiko ulioshindiliwa wa unga wa madini, mara nyingi magnesiamu, na chumvi zinazotoa oksijeni, pamoja na strontiamu inayoleta ule wekundu. Unyevu ukipenya, unga wa magnesiamu huanza kuliwa, na kiwashio huota kutu. Kwenye roketi kuna hatari kubwa zaidi: baruti ya kuisukuma ikipata ufa, moto huenea ndani kwa kasi isiyopangwa, na badala ya kupanda inaweza kupasuka ukiwa umeishika.

Ndiyo maana watengenezaji huandika tarehe kwenye ganda, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Kwa zile za soko la Marekani ni miezi 42. Tarehe hiyo inachukulia kwamba fataki imekaa mahali pakavu. Boti zetu nyingi hazina mahali hapo. Mvua za masika, maji ya chumvi yanayoruka wakati wa kusi na jua la kutwa linalochoma sanduku la plastiki hufupisha maisha yake hata kabla ya tarehe kufika.

Yangu imepita miezi miwili tu. Haitawaka kweli?

Huenda ikawaka vizuri kabisa. Tatizo ni lile "huenda". Kwa ukaguzi haihesabiki tena, na kwa maisha ya watu wako huwezi kuitegemea. Wapo manahodha, hata katika nchi zenye sheria kali, wanaobaki na seti moja ya zamani kama akiba huku wakiwa na mpya kamili. Mimi sishauri hivyo kwa boti ndogo. Usiku, watu wakipiga kelele na maji yakiingia, mkono hushika ya kwanza unayoifikia, nayo isiwe ile ya kukupasukia. Ikiwa mpya bado haijafika na huna budi kutoka, basi ya zamani ikae kwenye mfuko wake peke yake, imeandikwa kwa herufi kubwa, na siku mpya inapopanda ndani ya boti, ile ya zamani ishuke.

Kwa nini nisizirushe tu usiku wa Mwaka Mpya au kwenye harusi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Fataki hizi si fashifashi za kwenye sherehe ya Mapinduzi. Zinafanana tu machoni.

Kwanza, ni kuomba msaada kwa uongo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, katika Kiambatisho cha 4, zinakataza kutumia ishara hizi kwa jambo lolote lisilokuwa dharura. Sheria kando, fikiria anayeiona. Pwani hii inakumbuka meli za abiria zilizozama: Spice Islander I, Septemba 2011, na Skagit, Julai 2012. Mvuvi wa Nungwi akiona mwanga mwekundu juu ya maji hasubiri simu ya serikali. Anasukuma chombo na wanawe na kwenda. Ukimtoa mara mbili usiku wa upepo kwa ajili ya harusi yako, mara ya tatu atasita, na mara ya tatu ndiyo ya kweli.

Pili, moto. Fataki ya mkononi huwaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi na hudondosha matone yanayoendelea kuungua. Roketi ikirushwa nchi kavu, upepo unaweza kuuchukua mwavuli wake bado ukiwaka hadi kwenye paa la makuti la mtu usiyemjua.

Tatu, inaua. Tarehe 17 Novemba 1993, huko Cardiff nchini Wales, mzee mmoja aliyekwenda kutazama mechi ya Wales na Romania alipigwa na roketi ya baharini iliyorushwa kutoka upande wa pili wa uwanja, akafa. Februari 2013, huko Oruro nchini Bolivia, kijana wa miaka 14 alikufa vivyo hivyo kwenye mechi ya Copa Libertadores. Roketi iliyotengenezwa ipande mita 300 kwenda juu, ikielekezwa jukwaani ni risasi. Kwa hiyo kijana akikuomba zile za zamani "za kushangilia uwanjani", mkatalie, hata akiwa mtoto wa dada yako.

Nikizitupa kwenye kina kirefu, nani ataziona?

Hazibaki kwenye kina. Kopo la moshi limetengenezwa lielee, na maganda ya plastiki yenye hewa ndani hupanda na kurudi na maji hadi ufukweni, kwa watoto. Zinazozama huoza polepole na kumwaga chumvi zake, zikiwemo za perkloreti ambazo zinajulikana kuvuruga kazi ya tezi ya shingo. Na Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, Kiambatisho cha 5, hauruhusu meli kutupa plastiki baharini kwa hali yoyote ya kawaida.

Basi nizizike? Niziloweke? Nizichome pamoja na taka?

Hapana kwa zote tatu, ila kila moja ina sababu yake.

Ukizika, umemtegea mtego mwenye jembe atakayekuja miaka kumi baadaye kuchimba msingi.

Kuloweka kunaonekana kuwa busara, na nimewahi kusikia hata mafundi wazoefu wakishauri hivyo. Lakini fataki ya mkononi, ili ipasishwe, lazima iendelee kuwaka hata baada ya kuzamishwa sekunde 10 chini ya maji. Imetengenezwa ishinde maji. Ukiiloweka wiki nzima hujui ni sehemu gani imelowa na ipi imebaki kavu, na ikikauka tena inaweza kuwa haitabiriki kuliko mwanzo. Maji yenyewe nayo yamekuwa sumu, utayamwaga wapi?

Kuchoma jaani ni hatari kubwa kuliko zote. Roketi ndani ya moto haina mtu wa kuielekeza. Na usitarajie kuizima kwa mchanga: fataki imebeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo huwaka hata ikiwa imefukiwa.

Kuna wanaofikiria kuifungua ili kumwaga unga. Usifungue. Kiwashio chake huchochewa na msuguano au kupigwa, na bisibisi hufanya yote mawili.

Sasa nizipeleke wapi?

Anza na aliyekuuzia. Muuzaji wa vifaa vya meli anayejali kazi yake anajua kwamba atakayenunua leo atarudi na za zamani baada ya miaka 3, na anayo njia ya kuzikusanya na kuziharibu kihalali. Wengine hupokea kwa malipo kidogo. Lipa. Ni sehemu ya bei ya kifaa.

Pili, vituo vya kukagua maboya ya kujiokolea, yale ya kupulizwa yanayokaa kwenye kasha jeupe juu ya meli. Maboya hayo hufunguliwa kila mwaka kwa ukaguzi, na fataki zilizomo hubadilishwa. Kituo cha namna hiyo hukabiliwa na tatizo lako kila wiki, kwa hiyo lazima kiwe na utaratibu. Kama boti yako inapeleka boya huko, uliza kama wanaweza kupokea na fataki zako siku hiyo hiyo.

Tatu, mamlaka ya usalama wa vyombo vya majini ya mahali ulipo: TASAC kwa Tanzania Bara, pamoja na maziwa, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Sisemi ubebe mzigo ukagonge mlango wa ofisi. Usifanye hivyo. Piga simu au nenda mikono mitupu, waambie una vipande vingapi, vya aina gani, vya mwaka gani, na viko katika hali gani, kisha waombe wakuelekeze anayeruhusiwa kuvipokea. Mkaguzi anayekuja kukagua boti yako kwa ajili ya cheti ni mtu mzuri wa kuulizwa swali hili ana kwa ana, maana ndiye anayekuambia ununue mpya.

Nne, polisi. Hao ni kwa zilizoharibika, zilizookotwa, au zile ambazo mwenyewe hajulikani. Nao pia uwapigie kwanza. Usiingie kituoni na roketi kwapani.

Huko mwisho zinakofika, wataalamu wa milipuko huziharibu kwa kuziunguza kidogo kidogo katika uwanja uliotengwa au katika tanuri lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana hakuna njia ya nyumbani inayolingana na hiyo.

Ushauri wangu kwa vikundi vya wavuvi na vyama vya wenye boti ni kukubaliana tarehe moja kwa mwaka, kwa mfano mwisho wa kusi kabla msimu wa watalii haujachanganya. Mwandike vipande vyote vilivyopo kwenye karatasi moja, kisha mtu mmoja azungumze na muuzaji au mamlaka kwa niaba ya wote. Mwenye fataki nne husikilizwa kwa shida. Chama chenye fataki mia mbili kinapangiwa siku na gari.

Naweza kuzituma kwa basi hadi Dar es Salaam au Mombasa?

Hapana. Ni bidhaa za daraja la 1 katika mizigo ya hatari, yaani vilipuzi. Hazipandi kwenye buti la basi lenye abiria hamsini juu yake, hazipandi ndege ya abiria, haziwekwi kwenye kifurushi cha posta, na haziingii kwenye boti ya abiria ndani ya begi la nguo. Aliyekubali kuzipokea ndiye akuambie zitasafirishwaje.

Nizihifadhi vipi zikisubiri?

Katika ganda lake, kofia zikiwa mahali pake, ndani ya chombo imara chenye kifuniko, mahali pakavu, penye kivuli na penye kufuli. Mbali na petroli, gesi, betri na jiko. Isiwe ndani ya nyumba wanamolala watu kama kuna banda la nje. Juu ya chombo andika: FATAKI ZA DHARURA, ZIMEISHA MUDA, USIGUSE, pamoja na jina lako. Zipange zikiwa zimelala, kila roketi ikiwa imeelekea ukutani na si mlangoni. Usichanganye na mpya hata kwa siku moja.

Ganda limevimba, au unga unamwagika, au limeota chumvi nyeupe. Nifanyeje?

Usilitikise, usilifute, usirudishe kofia kwa nguvu. Waondoe watu, ondoa vitu vinavyoshika moto kama unaweza kufanya hivyo bila kulisogeza, na upige simu polisi: 112 kwa Tanzania, 999 kwa Kenya. Hii haisubiri siku ya kikundi.

Vivyo hivyo kwa iliyovutwa ikagoma. Baharini, wakati wa dharura ya kweli, endelea kuishika ikiwa imeelekea nje upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo yake. Usiinamie kuchungulia, na usijaribu mara ya pili kwa kuirudishia kofia. Inaweza kuchelewa tu.

Nimeokota kitu kama hicho ufukweni.

Kiache. Weka alama ya kijiti au jiwe hatua kadhaa kutoka hapo, zuia watoto, na toa taarifa polisi au kwa sheha au mwenyekiti wa mtaa ili naye awafikishie. Piga picha kwa mbali kama una simu. Tunasisitiza hivi kwa sababu si kila mkebe uliotupwa na bahari ni wa boti. Vipo vifaa vya kijeshi vya kuweka alama majini vyenye fosforasi, na fosforasi huwaka yenyewe inapokutana na hewa, hata baada ya kuonekana imezimika.

Imewaka ndani ya stoo!

Toka, toa watu, piga 114 kwa Zimamoto Tanzania au 999 Kenya, na uwaambie neno la kwanza kabisa kwamba ndani kuna fataki za baharini na ni ngapi. Usiimwagie fataki yenyewe maji kidogo ya ndoo: magnesiamu inayowaka huyavunja maji na kutoa hidrojeni, na moto hupanda. Itakwisha yenyewe ndani ya dakika chache. Kilicho muhimu ni moto usihamie kwingine, na hiyo iwe kazi ya kufanyia mbali.

Aliyeungua mwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa mapema kabla hajavimba. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Dawa ya meno, asali, mafuta ya taa na ute wa yai viacheni nyumbani. Vinafunika joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua kwenye nyama mbichi.

Tunaweza kuzitumia kufundishia mabaharia wapya?

Mafunzo ni jambo jema, kwani wengi huona fataki ikiwaka kwa mara ya kwanza siku chombo kinapozama. Lakini yafanyike na mkufunzi aliyeidhinishwa, kwa kibali, na kituo cha kuratibu uokoaji, cha Dar es Salaam au cha Mombasa, kiwe kimearifiwa kabla. Na zitumike ambazo muda wake haujaisha. Mwanafunzi asijifunze kwa kifaa ambacho hata mwalimu hajui kitafanya nini. Kujifunza kushika, kuelekeza na kusoma maelezo unaweza kwa maganda matupu ya mazoezi.

Ipo njia ya kupunguza mzigo huu?

Ipo. Zipo taa za umeme zinazomulika ishara ya SOS kwa saa nyingi, na walinzi wa pwani wa Marekani huzikubali kwa boti za starehe kama ishara ya usiku pale zinapokidhi kiwango chao. Kwa meli zinazobanwa na SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, haziwezi kuchukua nafasi ya fataki. Kwa boti yako, muulize mkaguzi kabla ya kutoa hela.

Tena zipo ishara zisizoisha muda, ambazo kanuni au desturi ya bahari inazitambua: kuinua na kushusha mikono yote miwili taratibu, honi au filimbi isiyokatika, kioo cha kumulikia jua, redio ya VHF chaneli 16. Kioo hakigharimu kitu na mmuliko wake huonekana mbali sana siku ya jua. Mvuvi wa ngalawa asiyemudu roketi asitoke bila hicho na tochi kwenye mfuko usiopitisha maji.

Nikinunua mpya, niangalie nini?

Tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei. Fataki inayouzwa nusu bei mara nyingi imebakiza miezi michache, au imetolewa kwenye meli ikabandikwa karatasi juu ya tarehe, kwangua uone. Usinunue gatini kwa mtu asiye na duka. Muulize muuzaji, mbele ya risiti, kama atazipokea siku zikiisha, na akikubali mwambie aandike hapo hapo. Ukifika kwenye boti, andika tarehe ya mwisho kwa wino usiofutika ndani ya mfuniko wa sanduku, mahali ambapo hata kijana anayekumba maji shetrini ataiona kila asubuhi.